Aliye tumboni Mtama na aliye kwenye nitrojeni Dar

Ukiuza dawa huku kusini unazoea kwamba kuna kitu watu hawakitaji kwa jina, dawa ya kutoa mimba. "Dada, ile ya kurudisha siku ipo?" "Ya kusafisha je?" Wengine wanakuja na kikaratasi, wengine wanakuonyesha picha kwenye simu alafu wanaangalia barabarani kana kwamba si wao waliouliza, "nimetumwa tu." Duka langu liko Mtama, barabara ya Mingoyo kwenda Masasi, duka la dawa muhimu la kawaida, mseto, ORS, dawa za minyoo, pedi, na kalenda ya hayo maswali nimeshaijua: korosho inaanza kuuzwa Oktoba, minada inapigwa, AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, zinalipa watu, gesti zinajaa, bodaboda mpya hazina hata namba, na ikifika Januari mpaka Machi hivi ndo vikaratasi vinaanza kuja. Nikisema haipo wananuna, au wananiambia we mama unajifanya mtakatifu mbona fulani anauza. Na huyo fulani kweli anauza, namjua.

Mi utakatifu sina. Ila hiyo "haipo" yangu ina sababu, na nimeona bora niziandike kwa kirefu maana watu wanadhani ni dini tu, au naogopa polisi tu. Polisi naogopa, ndiyo, tuanze na hapo.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina vifungu vitatu vimefuatana. Cha 150 ni cha yule anayemtoa mwanamke mimba, awe amempa dawa au ametumia chuma au nguvu, kifungo miaka 14. Cha 151 ni cha mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 152 ndo mimi huyo, anayempa mtu dawa au kifaa huku anajua kinaenda kutumika kutoa mimba, miaka 3. Na ukisoma 150 taratibu utaona kinasema mwanamke awe ana mimba au hana, yaani hata kama mimba haikuwepo nia yako na ulichompa vinatosha kukupeleka ndani. Mbele huko kuna 219, kumuua mtoto anayeweza kuzaliwa akiwa hai kabla hajazaliwa, hicho kinafika kifungo cha maisha, na sheria inachukulia kwamba mimba ikishafika wiki 28 basi mtoto ni wa namna hiyo. Alafu kuna 230 ambacho wengi hawakijui kabisa, kinamlinda daktari aliyemfanyia mama upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha yake. Kwahiyo wale wanaoeneza kwamba eti Tanzania mimba ikitunga nje ya kizazi mama anaachwa afe sababu ya sheria, hapana bwana. Na kwa faida ya yeyote anayesoma hapa na ana mtu anatoka damu nyumbani: mpelekeni hospitali sasa hivi, awe ameitoa au imetoka yenyewe, huduma baada ya mimba kuharibika inatolewa, kazi yao wale ni kumtibu. Wameshakufa wasichana kwa kuogopa maswali.

Mtoto wa dada yangu anasoma sheria, alivyokuja likizo nikamwambia nataka kuandika hii akacheka, "Mamdogo, hiyo unayoitetea ni sheria ya mkoloni." Ana hoja. Kanuni yetu ni ya mwaka 1945, maneno ya hivyo vifungu yametokana na sheria ya Waingereza ya 1861, na hiyo ya wiki 28 imetoka kwenye sheria yao ya 1929, kisha Waingereza wenyewe mwaka 1967 wakalegeza kwao, sisi tukabaki tumeshikilia. Lakini nikamuuliza, na wizi je, si uko kwenye kitabu hicho hicho alichokileta mkoloni? Sijasikia mtu anadai tuhalalishe wizi ili uhuru ukamilike.

Na hili la kwamba wazee wetu hawakujali mpaka Mzungu alipokuja, mi silikubali kabisa. Bibi mzaa mama alikuwa kungwi Newala. Kwetu sisi watu wa kusini, Wamakonde, Wayao, Wamwera, Wamakua, kwa asili mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndo mwenye sauti, kwahiyo mtoto hata baba yake akiingia mitini ana pa kukaa, ana jina, ana watu. Na wale mnaoijua ngoma mnakijua kile kinyago cha kuvaa mwilini, kile kisicho cha usoni, kimechongwa tumbo la mjamzito na matiti na chale zake, kitovu kimetokeza nje. Nilikishika nikiwa mdogo, mti wake mwepesi, ndani umekwanguliwa mpaka umekuwa mwembamba, pembeni una matundu ya kupitisha kamba. Anayekivaa ni mwanaume. Anajifunga lile tumbo mbele ya watu wote anacheza nalo. Sitaki kusema wazee walikuwa malaika, dawa za mizizi za kutolea mimba nazo zilikuwepo na bibi alizijua, ila mimba ilikuwa jambo la ukoo mzima. Hii ya msichana wa miaka 17 kulimaliza peke yake chooni kwa vidonge alivyonunuliwa na jamaa wa bodaboda ni mpya.

Sasa hoja yenyewe. Swali ni moja tu na watu wanalizunguka: mle ndani kuna nani? Kama hakuna mtu, basi mimi sina la kusema, miaka 14 ni uonevu na msichana hajamkosea yeyote. Kama yupo mtu, basi umaskini, shule, aibu, mwanaume kukimbia, vyote ni vya kweli na vinauma, ila haviwezi kuwa ruhusa, maana hakuna hata mmoja wenu anayekubali tumuondoe mtoto wa miaka miwili kwa sababu baba yake amekimbilia Dar. Kwahiyo mkinijibu kwa kuniorodheshea shida za msichana mnakuwa hamjanijibu bado. Shida zake nazijua kuliko nyie, zinakuja dukani kwangu.

Kuna nani basi? Mbegu ya baba ina kromosomu 23, yai la mama 23, zikikutana inakuwa seli moja yenye 46 ambayo si ya baba wala ya mama, jinsia yake imeshaamuliwa hapo hapo, na kuanzia hapo inajiendesha kwa mpango wake yenyewe, mama anatoa chakula na nafasi. Siku kama ya sita hivi hicho kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kinaanza kujishika kwenye ukuta wa kizazi. Wiki ya sita ya mimba ultrasaundi inaonyesha moyo unapiga. Tafuta kwenye safari yote hiyo mpaka kuzaliwa siku ambayo kitu kisicho mtu kilibadilika kikawa mtu, huioni, unaona anakua tu. Kila anayetaka kuweka mpaka inabidi autoe kichwani mwake.

Mfano huo wa wiki 28. Uliwekwa na Waingereza mwaka 1929, wakati hakuna mashine za watoto njiti kama za leo. Siku hizi hospitali za nchi tajiri zinaokoa wa wiki 24, na hata kwetu mama akimbeba njiti kifuani kwa ule utaratibu wa kangaruu wanapona waliozaliwa wadogo mpaka unashangaa. Sasa kama utu wa mtoto ni uwezo wa kuishi nje ya tumbo, basi mtoto wa wiki 25 wa London ni mtu na mtoto wa wiki 25 wa Liwale ndani huko si mtu, na mama yake akipanda ndege kwenda London mtoto anageuka mtu akiwa angani. Hiyo si falsafa, hapo unapima umbali wa kufika hospitali.

Wengine wanasema fahamu, hana fahamu. Sawa, na aliyelazwa kwa dawa ya usingizi kwenye chumba cha upasuaji? "Yeye atazinduka." Eeh, na huyu naye atazinduka, mpe miezi. Kuna mwanafalsafa wa Kimarekani anaitwa Don Marquis, mwaka 1989 alilisema hili vizuri bila kugusa dini hata kidogo: ubaya wa kumuua mtu ni kwamba unamnyang'anya maisha yake yote yaliyokuwa mbele, na huyu wa tumboni nayo anayo, mengi kuliko mimi na wewe. Mi nimezaa, na nakwambia hoja hiyo ilinigusa kuliko mahubiri.

Upande wa pili nao wana hoja yao nzito na nisingependa kujifanya haipo. Judith Jarvis Thomson, Mmarekani pia, mwaka 1971 alisema hebu tukubali kijusi ni mtu, je? Akatoa mfano wa wewe unaamka asubuhi umeunganishwa mirija na mpiga fidla mashuhuri mwenye figo mbovu, bila kuulizwa, unaambiwa ukae hivyo miezi tisa la sivyo atakufa. Una wajibu? Nilikaa na hiyo stori muda mrefu, ni kali. Lakini angalia: kwanza yule mpiga fidla ni mtu baki, huyu ni mwanao, na sisi wote tunakubali mzazi ana wajibu kwa mtoto hata ambao hakuutia saini, ndo maana mahakama inamlazimisha baba atoe matunzo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hivyo hivyo, huwezi kumwambia hakimu "mimi sikukubali kuwa baba". Pili, kuchomoa mirija ni kuacha kumsaidia mgonjwa afe kwa ugonjwa wake. Kutoa mimba ni kumshambulia aliye mzima. Mfano wake unafanana zaidi na mwanamke aliyebakwa, na huko nitafika.

Waislamu wenzangu sasa, maana Lindi na Mtwara tuko wengi na kuna hili la siku 120 linatembea vijiweni kama kadi ya ruhusa. Hadithi ya Abdullah bin Masud, ipo kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim, ndiyo, siku arobaini arobaini arobaini alafu anapuliziwa roho. Watu wanaichukua hiyo wanasema kumbe miezi minne ya kwanza iko huru. Sisi huku pwani ni Shafii, na Imam Ghazali ni wa madhehebu hayo hayo, yeye alisema kuharibu mimba ni jinai tangu tone lilipotulia kizazini, na ubaya unaongezeka kadri hatua zinavyokwenda. Wapo maulamaa waliokuwa walegevu kuliko yeye, sikatai, kwenye Hanafi hasa, ila hata hao wengi walitaka sababu. Na Qur'ani iliposema msiwaue watoto wenu kwa kuogopa umaskini, ilitaja sababu ile ile inayotajwa dukani kwangu. Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, pia ina fidia maalum ya mtu aliyesababisha mimba ya mwenzake itoke, ghurra, sehemu moja ya ishirini ya diya, ile fidia ya kuua, ya mtu kamili. Wengine wanasema umeona, ni ndogo, basi si mtu kamili. Mi naona kinyume chake, kitu ambacho si chochote hakilipiwi diya hata ya senti.

Wakatoliki wa Ndanda na Nyangao kwao liko wazi zaidi, tangu kutungwa, halina miezi minne. Hapo jirani zangu wamenyooka kuliko sisi.

Ila sasa, na hapa wale waliokuwa wananipigia makofi wataniacha, msimamo huu ukiwa wa kweli unawagusa wengi kuliko yule msichana. Takwimu moja ya watafiti ilikadiria mimba zilizotolewa Tanzania mwaka 2013 kuwa 405,000 hivi. Kwa nchi yenye adhabu ya miaka 14. Wenzetu wanaotaka ihalalishwe wanaishika hiyo namba wanasema sheria imeshindwa. Mi naishika namba hiyo hiyo nasema sheria inamkamata binti, wengine waliohusika wanaponyoka.

Angalia hili la wanafunzi. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa, anayempa mimba mwanafunzi miaka 30. Nia nzuri kabisa. Lakini kwenye kijiji inafanyaje kazi? Mimba yenyewe ndo ushahidi. Jamaa akijua anasubiriwa na miaka 30, kitu cha kwanza anachotafuta ni kuufuta huo ushahidi, na wazazi wa pande zote mbili wakishakaa kwenye mkeka wakaelewana hela ya korosho, anayebeba hatari ni binti. Nimewahi kuletewa kikaratasi na baba mtu mzima, kanzu safi, hakuwa baba wa binti. Nikamwambia mzee wangu hapa haipo, na kama ingekuwepo nisingekupa wewe. Akaondoka bila kuaga.

Na tulivyokuwa tunamfukuza binti shule moja kwa moja, mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua warudi madarasani, tulitegemea nini? Tulimwambia ukizaa maisha yako yameisha alafu tukamwambia usiitoe. Kuna watu, tena wazee wa msikitini na wa kanisani, wanapinga kutoa mimba na wanapinga huyo binti kurudi shule, wote kwa sauti moja ile ile. Mi hao siwaelewi. Ukisema mle ndani kuna mtoto, basi huyo mtoto anahitaji mama mwenye cheti cha fomu foo.

Haya, tuhame Mtama twende Dar.

Mdogo wangu anaishi Mtwara mjini, ndoa yake ilikaa muda mrefu bila mtoto, mirija imeziba. Wakauza shamba la mikorosho la kwa mume, wakaenda kliniki moja Dar kupandikiza mimba. Sindano za homoni tumboni, mayai yakavunwa, yakarutubishwa kwenye kisahani, vikapatikana viinitete saba. Viwili vikarudishwa, kimoja kikashika, leo ni mtoto mtundu huyo anaingia dukani kwangu anatupa chini makopo. Vitano vikabaki kwenye nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Na kabla ya yote hayo walipewa fomu ya kusaini, ilikuwa na viboksi vya kuweka tiki: viinitete vitakavyobaki vihifadhiwe, vitupwe, wapewe wenzi wengine, au vitolewe kwa utafiti. Mdogo wangu akanipigia, "Dada, hiki cha utafiti maana yake nini?" Mi muuza dawa wa barabarani namjibu nini? Ndo nikaanza kusoma.

Historia yake haina hata miaka mingi. Louise Brown alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 1978, wa kwanza duniani kutungwa nje ya mwili, kazi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Ikabidi Waingereza wajiulize viinitete vinavyobaki viwe vya nani, wakaunda kamati chini ya Mary Warnock, mwaka 1984 ikatoa pendekezo la siku 14: mtafiti anaweza kukitumia kiinitete mpaka siku ya 14 alafu kiharibiwe. Ikawa sheria 1990, nchi nyingi zikafuata. Mwaka 1998 James Thomson kule Wisconsin, Marekani, akapata seli shina kutoka kwenye kiinitete cha mtu, seli zinazoweza kugeuka kuwa moyo, ubongo, kongosho, chochote, na dunia ikachanganyikiwa kwa matumaini. Kuzipata inabidi kiinitete kivunjwe. Wajerumani, ambao historia yao na madaktari wa Hitler mnaijua, walishapiga marufuku jambo hilo kwa sheria ya 1990, na mwaka 2011 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikakataa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, kwa uvumbuzi unaotegemea kuvunja viinitete, kwenye kesi ya Mjerumani Brüstle. Yaani hata Ulaya hili halijawahi kuwa jambo la kukubaliana wote, msidanganywe kwamba ni sisi washamba tu tunaoona shida.

Kwanini 14? Sababu yao kubwa ni kwamba karibu na siku hiyo unaonekana mstari wa kwanza wa mwili, na kabla ya hapo kiinitete kinaweza kugawanyika vikawa mapacha, kwahiyo eti hakijawa "mmoja", na kisicho mmoja hakiwezi kuwa mtu. Jamani. Sisi ni watu wa mhogo. Ukichukua mti mmoja wa mhogo ukaukata vipande viwili ukapanda vyote, unapata mihogo miwili, na hakuna mkulima wa Mtama atakayekwambia kwamba kabla ya kuukata pale hapakuwa na mhogo. Kugawanyika kunaonyesha kwamba walitoka wawili, hakuonyeshi kwamba mwanzo hakuwepo yeyote.

Hoja nyingine ni kwamba viinitete vingi sana vinapotea vyenyewe hata kwenye tumbo la kawaida kabla mama hajajua, kwahiyo visipewe uzito. Zamani huku watoto walikuwa wanakufa kwa surua na malaria mpaka mama anasita kumpa mtoto jina. Wingi wa vifo haukumruhusu mtu kuua waliobaki.

Kilichonimaliza mimi kabisa ni huo mstari wa 14 wenyewe. Miaka yote uliheshimiwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuufikia, viinitete vilikuwa vinakufa maabara wiki ya kwanza tu. Mwaka 2016 timu mbili, moja Uingereza na moja Marekani, zikafikisha siku 12, 13. Na mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa seli shina ikauondoa ule mstari kwenye orodha yake ya yasiyoruhusiwa kabisa, sasa inaweza kujadiliwa kesi kwa kesi. Mstari uliowekwa kwa heshima ya kiumbe ukasogezwa mara tu ulipoanza kuwazuia. Kama ulikuwa wa maadili, kiumbe hakikubadilika kati ya 1984 na 2021, kilichobadilika ni mashine.

Na wala haikuwa lazima. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alichukua seli za ngozi za panya akazirudisha nyuma zikawa kama seli shina za kiinitete, mwaka uliofuata akafanya kwa seli za binadamu, 2012 akapewa Nobel pamoja na John Gurdon. Ngozi ya mtu mzima aliyekubali mwenyewe! Sisemi seli zake zimemaliza kila kitu, watafiti wengine wanataka kuona mwanzo wa mimba wenyewe ulivyo, kwanini mimba zinaharibika mapema, na hilo ngozi peke yake halikuonyeshi. Najua. Mdogo wangu mwenyewe kapata mtoto kwa sayansi iliyoanza kwa kujaribu na kuharibu viinitete, na huyo mtoto nampenda kama wangu. Hapo sina jibu safi na sitafuti la kujisingizia.

Mafaqihi wengi wa zama hizi wameruhusu vinavyobaki vitumike kwa utafiti, wanasema havijaingia kizazini, roho bado. Nimesoma, nawaheshimu, ila sikubaliani nao, kwa sababu ile ile niliyoiandika juu: nikimkataza binti wa watu wa Mtama kwa hoja kwamba huyo ni mtu tangu mwanzo, siwezi kufika Dar nikasema kumbe akiwa kwenye kisahani si mtu. Tena wa kwenye kisahani hana hata mama anayeteseka naye. Huyo binti ana hofu, ana njaa, ana baba mkali. Maabara haina hofu yoyote.

Na sheria yetu? Vifungu vyote nilivyovitaja vinamjua mwanamke na mimba yake. Kifungu cha 204 kinasema mtoto anakuwa mtu wa kuuawa, kwa lugha ya sheria, akishatoka kamili mwilini mwa mama yake akiwa hai. 219 ni wa wiki 28. Sasa kile cha kwenye tangi la nitrojeni hakina mwanamke, hakina wiki, kikitupwa kwenye sinki hakuna kifungu hata kimoja hapo kinachoamka. Katiba ibara ya 14 inasema kila mtu ana haki ya kuishi, haisemi kuanzia lini. Wakenya mwaka 2010 waliandika kabisa kwenye ibara ya 26 kwamba uhai unaanza mimba inapotungwa, alafu hapo hapo wakaweka mlango wa maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, na wamekuwa wakibishana mahakamani tangu hapo, lakini angalau walikaa wakaliandika. Sisi mchakato wa katiba mpya ukirudi, hili naomba lisisahaulike chini ya mambo ya tume ya uchaguzi. Na kliniki za kupandikiza zinaongezeka, tungekuwa na sheria inayosema kwa uchache: usitengeneze zaidi ya vitakavyorudishwa tumboni. Italia waliwahi kufanya hivyo 2004, vitatu tu na vyote virudishwe, japo mahakama yao ilikuja kuilegeza baadaye kwa sababu wanawake walikuwa wanaumia kurudia zile sindano.

Nilisema nitafika kwa aliyebakwa. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake ambao Tanzania iliridhia 2007, kwenye ibara yake ya 14 inataka mimba ya ubakaji, ya maharimu, yaani ndugu wa karibu, na ile inayohatarisha afya ya mwili au akili ya mama iruhusiwe kutolewa kitabibu. Sheria yetu ya ndani haijabadilika, kwahiyo mahakamani bado ni Kanuni ya Adhabu. Hapa ndo pagumu kuliko pote na anayepasema kwa kujiamini simuamini. Yule binti hakualika chochote. Hoja yangu ya wajibu wa mzazi hapa inachechemea, naliona hilo. Kinachobaki ni kwamba aliye tumboni naye hakubaka mtu, na tukimuua yeye tunakuwa tumetoa adhabu ya kifo kwa asiye na kosa huku mbakaji akipata, kama akipatikana, miaka 30. Siwezi kuivuka hiyo. Ila pia siwezi kumwangalia binti huyo nikamwambia miaka 7 inakusubiri.

Na ndo nimalizie na kifungu cha 151, tulichobishana na huyu mwanasheria wangu, mtoto wa dada, mpaka umeme ukakatika. Mi nasema 150 na 152 vibaki, na vikazwe, yule anayefanya biashara ya kutoa mimba kwenye chumba cha nyuma afungwe, na sisi wauza dawa tukikamatwa tufungwe, na aliyenunua dawa na kumpelekea binti aingizwe waziwazi, maana sasa hivi anaponyoka kirahisi. Lakini 151, mwanamke mwenyewe, kosa libaki kwenye vitabu na kifungo kiondoke. Yeye anasema hilo halisimami: kama unaamini ni mtu aliyeuawa, unamwachaje aliyeua? Nikamwambia mbona kifungu cha 199 kinamhesabu mama aliyemuua kichanga chake akiwa bado hajatulia kutokana na kuzaa, kinampunguzia, na hakuna aliyesema kwamba kwa kufanya hivyo sheria imekana utu wa kichanga. Akasema kupunguziwa si kufutiwa. Kweli, si kufutiwa. Nikamwambia basi tupunguze, iwe amri ya matibabu na uangalizi wa ustawi wa jamii, gerezani Lilungu hamna dawa ya hilo. Hakukubali na anaandika tasnifu yake juu ya hicho hicho kifungu, kwa upande wa kukifuta chote. Mdogo wangu naye tiki ya utafiti hakuiweka, aliweka ya kuhifadhi, wanalipia kila mwaka, na mume ameanza kuuliza vitano vile tunavilipia mpaka lini.